Anti, nimekuta wadudu kwenye wali wa kantini

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa ndugu zetu walio nje, na tatu kati ya hizo zinaongelea jambo moja, mdudu kwenye chakula cha bei rahisi. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko zingine, mtaona kwa nini.

SWALI: Shikamoo anti. Mimi niko China mwaka wa pili nasoma uhandisi, chuo sikitaji na jina langu naomba mlifiche. Anti kuna jambo linanisumbua wiki ya tatu sasa. Mi nakula kantini ya chuo kila siku sababu ni rahisi, wali na mboga mbili na nyama kidogo ni yuan 12, na niko kwenye skolashipu ya serikali ya huku ya digrii ya kwanza, yuan 2,500 kwa mwezi, na humohumo natuma kidogo kwa mama. Sasa Jumanne moja nimechelewa kutoka maabara nimekaa na trei yangu nimeshakula kama nusu nikaona kitu cheusi kwenye wali, nikajua ni ufuta maana huku ufuta mweusi wanaunyunyiza kila mahali, nikakisogeza na kijiti nikaona kina miguu. Nikatafuta nikapata vingine viwili. Nikampelekea yule mama anayepakua, akaangalia akacheka kidogo, akamwaga ule wali kwenye ndoo ya makombo akanipakulia mwingine kutoka chombo kilekile. Wenzangu darasani wananiambia mbona kawaida, kidudu cha mchele ni protini, kula tu. Nililia chumbani anti, na sio kwa ajili ya mdudu peke yake, niliona nimedharauliwa. Wiki mbili kabla nilikuta mdudu wa kijani kwenye mboga za majani nikanyamaza. Sa hivi kantini siingii kabisa, nakula mkate na zile tambi za kumwagia maji ya moto, nguo zimeanza kunipwaya. Nitaumwa? Na nikilalamika wanaweza kunifutia skolashipu? Nisaidie anti.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nilisoma Nanjing hukohuko China miaka mitano, ile trei ya chuma yenye vyumba vyumba naijua vizuri, na najua inavyokuwa umetoka darasani saa sita na nusu njaa inauma, umepanga foleni, umegusisha kadi kwenye mashine, halafu unakaa ndo unakutana na hicho kitu. Kulia sio utoto. Mtu aliye mbali na kwao, sahani ya moto ndo kitu pekee kwa siku nzima kinachomfanya ajione katunzwa, ikiingia uchafu anaumia kuliko angekuwa nyumbani.

Tuanze na afya maana hiyo ndo inakunyima usingizi. Kwa ulivyoelezea, huyo ni fukusi wa mchele. Ukimwona tena usimtupe, mwangalie kwa karibu au mpige picha uivute: ana urefu wa milimita 2 hadi 4 hivi, mweusi au kahawia iliyoiva, mgongoni ana madoa manne ya wekundu hafifu, na mbele ana pua ndefu iliyochongoka kama mkonga. Ukiona huo mkonga basi, ndo yeye. Jike anatoboa punje ya mchele kwa hiyo pua, anaweka yai ndani ya tundu, anaziba juu kwa ute, na ukiishika hiyo punje huoni kitu. Yai linaanguliwa ndani, kijifunza kinakula punje kwa ndani mpaka kinakuwa mdudu kamili, ndo anatoboa anatoka, na kukiwa na joto yote hiyo inachukua kama mwezi mmoja. Ndo maana mtu ananunua mchele msafi kabisa anaufungia kabatini, baada ya wiki kadhaa anaukuta unatembea, anamlaumu mwenye duka au jirani, kumbe wageni walikuwa ndani ya punje tangu siku ya kwanza.

Fukusi hang'ati, hana sumu, hasambazi ugonjwa kwa binadamu, na huyo wa kwako alishachemka pamoja na wali. Hutaumwa kwa ajili yake. Kosa lake linaanzia stoo, sio kwa mpishi: gunia limekaa sana, magunia mapya yanapangwa mbele ya zamani, na siku ya kupika mchele haukuoshwa kwa maji mengi, maana fukusi anaelea, ukiosha kwa utulivu ukamwaga yale maji ya juu wengi wanaondoka nayo.

Yule wa kijani ni habari nyingine. Ni kiwavi wa shambani, anaishi kwenye kabichi na jamii yake, anafanana rangi na jani ndo maana anawapita wanaoosha haraka haraka. Mama zetu wanafungua mboga jani kwa jani wanageuza na upande wa chini, kwenye kantini inayolisha watu maelfu hakuna mwenye muda huo. Na yeye akishapikwa hana madhara. Kwa hiyo mdudu anakwambia kosa limetokea wapi, wa shambani, wa stoo, au wa jikoni, na wa kuogopwa ni huyo wa jikoni. Mende kwenye chakula, au funza weupe kwenye nyama, hiyo ni jiko chafu na nyama iliyokaa nzi wakaitagia, hapo acha kula papo hapo na siku zinazofuata ujiangalie, ukipata homa, kutapika kusikoisha au kuhara damu nenda hospitali usisubiri. Kitu kingine cha kuogopa kuliko fukusi wote ni ukungu. Wali au karanga zenye harufu ya uvundo au ladha ya uchungu uchungu, tema. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haionekani kwa macho na kuchemsha hakuimalizi, na sisi Tanzania tunaijua, mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu. Halafu kama wewe ni mtu wa kuvimba au kuwashwa ukila kamba, kuwa makini zaidi, miili ya wadudu ina protini inayofanana na ya kamba na inaweza kukuletea mzio uleule.

Hao wanaokwambia ni protini, sijapenda. Mimi kwetu Bukoba, senene nimekula tangu sijaota meno yote, lakini senene anakamatwa kwa kukusudia, ananyonyolewa mabawa na miguu, anakaangwa na chumvi, anaandaliwa mgeni anayeheshimiwa. Huwezi kumfananisha na mdudu aliyeingia sahani ya mtu kwa sababu kuna mtu hakufanya kazi yake. Ni kweli hakuna nchi duniani yenye nafaka isiyoguswa na mdudu kabisa, hata Marekani mamlaka yao ya chakula imeweka kiwango, unga wa ngano ndo unahesabika mbovu ukifikisha wastani wa vipande 75 vya wadudu kwa gramu 50, chini ya hapo unauzwa tu. Lakini hivyo ni vipande vilivyosagika visivyoonekana. Wadudu wazima watatu kwenye trei moja hakuna anayekuruhusu kuwaita kawaida.

Sasa kulalamika. Hapa mdogo wangu sikiliza vizuri, kosa lililofanyika siku ile ni lile la ndoo. Yule mama alipomwaga wali alimwaga ushahidi wako, na sidhani alikusudia ubaya, kile kicheko huko China mara nyingi mtu anakicheka akiona aibu, mi nilikaa mwaka mzima nikidhani nachekwa. Lakini ushahidi ukishaingia kwenye makombo linabaki neno lako na lake. Juni 2023 kuna chuo kimoja mkoa wa Jiangxi mwanafunzi alikuta kwenye wali wake kitu kina meno, akakirekodi video. Chuo wakasema ni shingo ya bata, wakaguzi wa mwanzo nao wakasema ni shingo ya bata. Nchi nzima ikapiga kelele mpaka mkoa ukaunda timu ya uchunguzi, na tarehe 17 Juni wakatangaza kwamba kile kilikuwa kichwa cha mnyama wa jamii ya panya. Wataalamu walitumia nini? Picha na video za yule kijana, maana chenyewe kilishatupwa siku ileile. Bila ile simu yake mpaka leo ingekuwa bata.

Kwa hiyo siku nyingine kabla hujainuka piga picha trei nzima ikionekana na meza na dirisha ulilochukulia, halafu piga ya karibu, rekodi sekunde chache. Mdudu mwache humohumo kwenye chakula usimtoe, funga kwenye kimfuko. Malipo ya kadi yanaacha rekodi ya saa na dirisha, hiyo nayo ipige picha. Ndo uende dirishani, na usiende na ukali, sema taratibu *fan li you chongzi*, maana yake kwenye wali kuna mdudu, onyesha, halafu omba kumwona msimamizi wa kantini. Usikubali kupakuliwa kutoka chombo kilekile, omba urudishiwe hela ukanunue kwingine.

Mara nyingi inaishia hapo. Isipoishia, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni na picha zako, na ukiwa na mwenzako mchina anayekupenda aandike maelezo kwa lugha yao, inasaidia sana. Na juu ya hapo kuna namba ya 12315 ya malalamiko ya wateja na 12345 ya serikali ya mji. Sheria yao ya Usalama wa Chakula iko wazi, kifungu cha 34 kinakataza kabisa chakula chenye wadudu, na kifungu cha 148 kinasema aliyetengeneza chakula kisichofikia viwango vya usalama, au aliyekiuza huku anajua, mlaji anaweza kumdai mara kumi ya bei au mara tatu ya hasara, na hesabu ikiwa ndogo isiyofika yuan 1,000 basi inahesabiwa 1,000. Yaani sahani ya yuan 12 nayo sheria imeikumbuka. Sikwambii ukadai hiyo hela kwenye kantini ya chuo chako, nakwambia uijue ili ukisimama pale usijione unaomba hisani.

Skolashipu yako inakaguliwa kila mwaka kwa masomo na mwenendo, na kumwonyesha msimamizi mdudu sio utovu wa nidhamu. Kinachoweza kukuletea shida ni viwili. Kurusha video mtandaoni na jina la chuo na maneno ya kuongeza chumvi, na kumtishia mwenye dirisha akupe hela nyingi la sivyo utamwanika, hiyo wenzetu wanaihesabu ni jinai na hata wenyeji wanafungwa nayo. Sema kweli tupu kwa wanaohusika, basi.

Na rudi kula, tafadhali. Tambi za kikombe asubuhi mchana jioni zitakuumiza kuliko fukusi mia. Kantini nyingi za vyuo vya huko kila dirisha lina mtu wake anayelikodi, liache lile, nenda lile lenye foleni ndefu maana chakula chao hakilali, nenda saa ya watu, chukua vya kukaangwa mbele yako au tambi za kuvutwa kwa mkono zinazochemshwa pale pale. Sufuria la umeme la wali usinunue kabla hujauliza sheria za bweni, sehemu nyingi wanakataza na wanapita kukagua. Na mama mwambie mwezi huu hutatuma, mwambie kwa nini. Atakuelewa kuliko unavyodhani, na atafurahi zaidi ukimtumia picha umekaa na sahani iliyojaa.

SWALI: Assalam aleikum anti. Mie ni mtu wa Mombasa nafanya kazi ya nyumba Maskat. Mchele wa sisi wafanyakazi wanunuliwa mbali na wa wenye nyumba, gunia la rahisi, na hili la sasa limejaa wadudu, nikifungua watambaa mpaka mkononi. Nauchagua mpaka macho yaniuma lakini najua nawala tu. Je nala haramu? Na mama wa nyumba ntamwambiaje asione mie mjuba?

JIBU: Wa aleikum salaam dadangu, pole na kazi. Hilo la haramu nilimpelekea ustadhi wa mtaani kwetu Magomeni maana si langu kufutu. Amesema kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata pwani, mdudu aliyezaliwa ndani ya chakula kama tunda au nafaka akafia mlemle na kumtenga ni taabu, ukimla pamoja na chakula huna dhambi, kisichofaa ni kumtoa ukamla peke yake. Kwa hiyo moyo wako utulie, unachagua unachoweza na kilichobaki umesamehewa.

Macho usiyaumize tena. Tandaza mchele kwenye sinia pana uweke juani, jua la Maskat linatosha kabisa, wadudu wazima watakimbia wenyewe, pepeta. Waliobaki ndani ya punje jua la siku moja haliwamalizi, hao dawa yao ni friza, funga mchele mafungu mafungu kwenye mifuko uweke siku nne au tano, mayai na vijifunza vyote vinakufa. Ukitoa uache nje mpaka baridi iishe mfuko ukiwa bado umefungwa ili maji yasiingie kwenye mchele, halafu hifadhi kwenye debe lenye kifuniko kinachobana. Siku ya kupika osha maji mengi, koroga, mwaga vinavyoelea. Kwetu bara wapo wanaoweka mwarobaini au pilipili kavu, sikatazi, ila aliyeko ndani ya punje majani hayamfikii. Lakini ukikuta mchele umekuwa unga unga, una harufu ya uvundo au umeshikana na nyuzi kama za buibui, huo usiupike, hata kuku usimpe.

Mama wa nyumba mwambie wakati ametulia, sio wakati wa kupika. Mpelekee bakuli dogo lenye wadudu wanaotembea, sema mama tazama, nachelea wakapanda kabatini wakaingia na kwenye mchele wenu. Ni kweli tupu, fukusi hajui gunia la tajiri na la mfanyakazi, na naamini kabati litasafishwa siku ileile. Ila dadangu kama ni zaidi ya wadudu, kama unapewa chakula kilichooza au hakitoshi, hiyo sio hisani ya mtu kukulisha, Oman mwajiri anawajibika kumlisha mfanyakazi wake wa nyumbani. Ubalozi wa Kenya upo hapo Maskat, namba yao iandike mahali zaidi ya pamoja, sio kwenye simu tu. Na niandikie tena unieleze.

SWALI: Anti mambo, niko Leicester, natoka shifti ya usiku kiwandani nikapitia kuku na chipsi, nafika nyumbani nauma paja nakuta kimende kidogo kimekaangika kwenye unga wa kuku. Nimeshatema ila nahisi nimekula na kingine. Duka lenyewe ndo pekee linalokuwa wazi saa hizo. Nifanyeje?

JIBU: Poa kaka, pole. Suuza mdomo, kunywa maji, siku mbili tatu ujisikilizie tumbo kama nilivyomwambia mdogo wetu wa China. Kilichokaangwa kwenye mafuta yale ya moto hakijabaki na uhai wala vijidudu vingi, mi naogopa zaidi wale wenzake wanaotembea usiku juu ya meza wanayokatia saladi. Mende wadogo wa kahawia wenye mistari miwili nyuma ya kichwa wanakaa kwenye nyufa za ukuta na nyuma ya mafriji penye joto, ukimwona mmoja kwenye chakula ujue wapo wengi.

Huko Uingereza kila halmashauri ina watu wa afya ya mazingira, ndo wanaoingia jikoni kukagua na wana nguvu ya kufunga. Ukaguzi wao unatoa alama kuanzia 0 mpaka 5, ile stika ya kijani na nyeusi mlangoni. Wales ni lazima ibandikwe tangu 2013 na Ireland ya Kaskazini tangu 2016, lakini hapo ulipo hawalazimishwi, kwa hiyo usipoiona mlangoni jiulize kwa nini halafu ingia tovuti ya Food Standards Agency, mamlaka yao ya chakula, uandike jina la duka, alama utaiona. Mwenye duka akikupa hela yako pokea, ila kuku usimpe, hata akisema anataka kumwonyesha mpishi.

Kama bado hujalitupa lile boksi, liweke sasa hivi kwenye friza na paja lake na kimende chake kilivyo, usikichomoe, bandika karatasi juu uandike siku na saa uliyonunua, na risiti uipachike hapohapo. Ofisi ikifunguliwa piga simu halmashauri uombe watu wa afya ya mazingira, wakitaka kuja kukichukua wewe unafungua friza tu.